WILLIAM PECORA NA JICHO LA ANGANI

Wengi wetu tumeona picha za dunia zilizopigwa na setilaiti, zikionyesha misitu, maziwa na mashamba kama yalivyo. Lakini ni wachache wamjuao Bwana William Pecora, mmoja wa watu waliopigania kazi hiyo hata ikaanza.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1913 katika mji wa Belleville, jimbo la New Jersey, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Alisoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na madini, katika Chuo Kikuu cha Princeton, akamaliza mwaka 1933. Wala hakuwa mtu wa vitabu tu. Alikuwa hodari katika mchezo wa kushindana kwa upanga mwembamba, akachaguliwa kwenda kwenye michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936.

Mwaka 1939 aliingia Idara ya Jiolojia ya Marekani. Alichunguza miamba katika milima ya Montana, na wakati wa vita kuu ya pili akatafuta madini Brazil. Kazi ya namna hiyo huenda polepole, maana mtu hupanda mlima mmoja leo na mwingine kesho, na nchi ni kubwa. Mwaka 1965 akawa mkurugenzi wa idara hiyo.

Siku zile Wamarekani walikuwa wakishindana na Warusi kufika mwezini. Pecora na wenzake wakataka chombo kirushwe ili kuitazama dunia yenyewe. Shauri hilo lilipata wapinzani wengi. Wenye kutunza fedha za serikali waliogopa gharama, wengine walisema kwamba picha za ndege zatosha, na wakuu wa jeshi walihofia siri zao. Pecora hakurudi nyuma. Tarehe 21 Septemba 1966 waziri wake, Stewart Udall, alilitangaza shauri hilo mbele ya watu wote. Wakuu wa NASA, shirika la mambo ya anga, hawakupendezwa, kwani walikuwa hawajakubali. Lakini jambo lilikwisha kujulikana, na kulizima kukawa kugumu.

Mwaka 1971 Pecora akafanywa msaidizi mkuu wa waziri. Chombo kilikuwa kikitengenezwa, lakini hakukiona kikiruka. Alifariki tarehe 19 Julai 1972, mwenye umri wa miaka 59. Siku nne baadaye, tarehe 23 Julai, kilirushwa kutoka California.

Chombo hicho, ambacho baadaye kiliitwa Landsat 1, kilizunguka juu kwa kilometa 900 hivi, na kila baada ya siku 18 kilipita tena mahali pale pale. Kila picha ilionyesha nchi yenye upana wa kilometa 185. Vingine vikafuata, na kwa picha zake watu wameona Bahari ya Aral ikikauka na misitu ya Amazon ikikatwa, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamua zitolewe bure kwa watu wa nchi zote.

Basi, ndugu zangu, apandaye mnazi huenda asinywe madafu yake. Pecora alipanda, na sisi tunakunywa. Nasi tujiulize tutawapandia nini watakaotufuata.