Yatima wa Auxerre na Ngazi ya Hesabu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo huanza shauri zito. Baba hana mali ila shamba la maharage na mihogo. Mwana amefaulu Hisabati. Ukoo wauliza asome shahada gani. Wako wasemao kwamba Hisabati ni somo la watoto wa wenye nafasi, na kwamba maskini hana budi kutafuta kazi ya mshahara wa upesi. Kabla ya kukata shauri, twawaomba wasomaji wetu watazame maisha ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita, ambaye hakurithi kitu.

Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa mshona nguo, naye alikuwa wa tisa katika watoto 12 wa ndoa ya pili ya mzee huyo. Alipokuwa na umri wa miaka tisa mama yake alikufa, na baada ya muda mfupi baba naye akafuata. Hapo mtoto angeweza kupotea kama walivyopotea wengi, lakini watu wema wa mji ule walimwombea nafasi katika shule iliyosimamiwa na watawa Wabenedikto. Huko, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alizipenda hesabu kupita kiasi. Yasimuliwa kwamba mchana aliokota vipande vya mishumaa vilivyobaki, apate kusoma usiku wenzake walipolala. Watoto wetu wasomao kwa kibatari watamwelewa bila kufafanuliwa.

Alipokua alitaka kuingia jeshi la mizinga, mahali palipohitaji sana wajuzi wa hesabu. Alikataliwa. Sababu haikuwa upungufu wa akili, bali nasaba: nafasi zile ziliwekewa wana wa makabaila, na yeye ni mwana wa mshonaji. Mwaka 1787 akaingia unovisi katika abasia ya Wabenedikto, lakini hakuweka nadhiri. Mwaka 1789 alitoka, akarudi kufundisha katika shule yake ya zamani.

Ndipo yalipozuka Mapinduzi ya Ufaransa. Siasa za siku zile zilimtia hatarini, hata mwaka 1794 akafungwa, akafunguliwa baada ya kuanguka kwa Robespierre. Lakini serikali mpya ilifanya jambo moja lililogeuza maisha yake. Ilifungua mjini Paris shule ya kuwafunza walimu, ikaagiza wilaya zichague watu wenye uwezo, na kuwalipia gharama. Fourier akachaguliwa. Mwaka 1795 alikaa miguuni pa Lagrange, Laplace na Monge, wakuu wa hesabu wa zama zile. Shule hiyo ilidumu miezi michache tu, lakini ilitosha. Mwaka ule ule akapata kazi katika Chuo cha Ufundi cha Paris, na mwaka 1797 akashika kiti cha Lagrange mwenyewe.

Mwaka 1798 alikwenda Misri pamoja na Napoleon, akawa katibu wa chuo cha wataalamu huko. Aliporudi alifanywa mkuu wa jimbo, makao yake Grenoble, akasimamia ukaushaji wa mabwawa ya Bourgoin na ujenzi wa barabara ya kwenda Turin. Katikati ya kazi hizo aliandika juu ya mwendo wa joto. Maandiko yake ya mwaka 1807 yalitiliwa shaka na wakubwa, akiwemo Lagrange. Kitabu chake kikatoka mwaka 1822, miaka 15 baadaye. Njia aliyoibuni ya kuchambua mawimbi hutumika hata leo katika simu, redio na mashine za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili. Alifariki Paris tarehe 16 Mei 1830.

Tusidanganyane: kipaji peke yake hakikumwinua. Kipaji kile kile kilikataliwa mlango wa jeshi. Kilichomwinua ni shule iliyompokea yatima, serikali iliyolipa gharama, na kazi iliyomngojea mwisho wa masomo. Hivyo vitatu ndivyo mzazi wa leo anavyopaswa kuvitafuta.

Basi asitazame jina la shahada tu. Aulize kwanza juu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, akikumbuka kwamba mkopo hurudishwa. Tena aulize juu ya ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa wanafunzi waliofaulu vizuri sana katika masomo ya sayansi. Kisha aulize kama pamoja na Hisabati zimo takwimu, kompyuta au ualimu, maana hizo ndizo zifunguazo milango mingi: shule, benki, bima, ofisi za serikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha hesabu za bima, na kiko Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika.

Wala kazi ya ualimu isidharauliwe. Mwaka 2022 katika mtihani wa kidato cha nne, kati ya watahiniwa watano karibu mmoja tu alifaulu Hisabati. Nchi yenye upungufu wa namna hiyo yamhitaji mwalimu wa hesabu kuliko wengi waketio ofisini.

Zamani vijana wa Buha walikwenda mbali kukata mkonge wa watu kwa ujira mdogo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Sasa iko. Mwana aliyejaliwa akili ya hesabu asizuiliwe kwa sababu ya jembe la baba yake. Na jirani mwenye uwezo asingoje kuombwa mara mbili ndipo amsaidie nauli ya kwenda chuoni.