Samuel Romilly na Mizani ya Adhabu

Katika mzunguko wa mahakama wa Norfolk, huko Uingereza, watu wawili waliiba kuku katika ua wa mtu. Mmoja alikamatwa, wa pili akatokomea. Aliyekamatwa alifikishwa mbele ya Lord Loughborough, naye jaji huyo, akiliona kosa kuwa dogo, akampa kifungo cha miezi michache. Habari zilipomfikia mwenziwe huko mafichoni, alirudi kwa hiari yake akajisalimisha, akitumai naye kupata hukumu kama ile. Kumbe kikao kilichofuata kiliongozwa na Jaji Gould, mtu mpole kwa tabia, lakini aliyejijengea imani kwamba aanzaye kwa kuku huishia katika maovu makubwa. Akamhukumu kuhamishiwa ng'ambo. Alipokuwa akisafirishwa kwenda Botany Bay, huko Australia, mwenzake alikuwa akitoka jela, kifungo kimekwisha.

Kisa hicho alikisimulia Sir Samuel Romilly mwaka 1810, wala hakukisimulia kwa kuchekesha. Kuku walikuwa ni wale wale, ua ni ule ule na sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni mtu aliyeketi kitini. Hapana shaka kila msomaji wetu wa visiwani anayafahamu mashauri ya kuku, na kila ofisa aliyepata kukaa karibu na mahakama anaujua mshangao wa mtu yule aliyejisalimisha. Ndiyo maana tumeona yafaa leo kuyaeleza maisha ya bwana huyu.

Romilly alizaliwa London tarehe 1 Machi, 1757. Babu yake alikuwa Mfaransa wa Montpellier, mmoja wa Waprotestanti walioihama nchi yao kwa ajili ya dini. Baba yake alikuwa fundi wa saa na sonara. Kijana hakupata shule ya maana; elimu yake kubwa aliitafuta mwenyewe kwa kusoma. Aliingia katika chuo cha mawakili cha Gray's Inn mwaka 1778, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1783. Polepole akapanda hata akawa miongoni mwa mawakili wakubwa wa London, na mwaka 1806 Serikali ikamteua kuwa Wakili Mkuu wa Serikali, akapewa na cheo cha Sir. Kazi hiyo hakudumu nayo, kwani serikali ile iliondoka mwaka 1807. Lakini kabla haijaondoka alikuwa amesimama Bungeni kuunga mkono sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Sisi wa mwambao, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, tuna haki ya kulikumbuka hilo.

Sheria za jinai za Uingereza wakati huo zilikuwa za kutisha. Makosa yaliyostahili kunyongwa yalizidi 200. Aliyemchomolea mtu mfukoni mali ya zaidi ya peni 12 alistahili kitanzi, kwa sheria ya mwaka 1565 ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Aliyeiba kwa siri dukani kitu cha shilingi tano alistahili kitanzi, kwa sheria ya mwaka 1699. Aliyeiba katika nyumba ya mtu mali ya shilingi 40, kadhalika.

Mtu mwingine angeanza kwa kulia juu ya ukatili. Romilly alianza kwa kuhesabu. Alichukua takwimu za London na jimbo la Middlesex kwa miaka saba, tangu 1802 hadi 1808. Akakuta kwamba walioletwa katika gereza la Newgate kungojea kushtakiwa kwa wizi wa majumbani walikuwa wanaume 599 na wanawake 414, na kwa wizi wa madukani wanaume 506 na wanawake 353. Jumla watu 1,872. Kati yao wote aliyenyongwa ni mmoja tu.

Basi adhabu iliyoandikwa ilikuwa kifo, na adhabu iliyotolewa ilikuwa karibu kila kitu isipokuwa kifo. Wenye mali walikataa kushtaki, kwa kuogopa kubeba roho ya mtu kwa ajili ya kipande cha kitambaa. Mashahidi walijikanyaga. Wajumbe wa juri, watu 12 waliokula kiapo, waliithamini mali iliyoibwa kuwa ya shilingi 39 ili mshitakiwa asifike kwenye 40 za kitanzi, hata pale ambapo kila mtu aliona kwamba thamani yake ni kubwa zaidi. Na waliohukumiwa walisamehewa kwa wingi. Mwizi naye si mjinga. Alifanya hesabu yake, akaona kwamba uwezekano wa kuachiwa ni mkubwa. Hoja ya Romilly ilikuwa kwamba adhabu nyepesi iliyo ya hakika humzuia mhalifu kuliko adhabu kali iliyo ya bahati nasibu.

Hakutaka kuifumua sheria nzima kwa siku moja. Alilishika kosa moja moja, akalichunguza, akaleta mswada wake. Kwanza alifikiri kupandisha tu kiwango cha thamani, kwa kuwa peni 12 za mwaka 1565 hazikuwa sawa na peni 12 za siku zake. Rafiki yake mmoja, wakili, akamshauri aifute kabisa adhabu ya kifo kwa makosa hayo. Mwaka 1808 akafaulu kuiondoa kwa wachomoaji wa mifukoni.

Wapinzani hawakukawia. Walisema kwamba tangu sheria ilipolegezwa, mashitaka ya uchomoaji yameongezeka. Romilly alijibu kwamba kilichoongezeka ni mashitaka, kwa sababu walioibiwa sasa wanathubutu kwenda mahakamani. Ofisa yeyote anayepokea taarifa za uhalifu mezani kwake angefanya vyema kulitafakari jibu hilo kabla ya kuandika kwamba wizi umezidi.

Mwaka 1810 aliuleta mswada wa wizi wa madukani. Baraza la Makabwela liliupitisha. Baraza la Malodi likauangusha kwa kura 31 dhidi ya 11. Miongoni mwa waliopiga kura ya kuukataa walikuwa maaskofu saba, pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury. Aliurudisha tena na tena, na kila mara Malodi waliukataa. Mwaka 1811 alipata ushindi mdogo wenye mafunzo makubwa. Wenye viwanja vya kuanikia vitambaa ili viwe vyeupe, ambao vitambaa vyao ndivyo vilivyokuwa vikiibwa, waliomba wenyewe adhabu ya kifo iondolewe, maana haikuwalinda. Juri zilikuwa zikiwaachia wezi. Ombi hilo Malodi hawakuweza kulikataa.

Nchi zetu nazo zimepita njia hii. Sheria ya Adhabu za Chini ya Tanganyika, ya mwaka 1963, iliamuru kwa makosa fulani kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24. Kenya ilitoa mwongozo wa kutoa adhabu kwa mahakama zake mwaka 2016, na Desemba 2017 Mahakama yake ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Kumfunga jaji mikono kabisa kuna hasara zake, na kumwachia kabisa kuna kisa cha kuku wa Norfolk. Kwa maoni yetu, anayetaka kupanga viwango vya adhabu aanze alipoanzia Romilly: katika daftari za mahakama, kosa kwa kosa, ahesabu wangapi walishitakiwa, wangapi walihukumiwa, na ni adhabu gani waliyoitumikia hasa.

Julai 1818 wapiga kura wa Westminster walimchagua Romilly akiongoza kwa kura, bila yeye kufanya kampeni. Lakini mkewe, Anne, aliyemwoa mwaka 1798 na kuzaa naye watoto saba, alikuwa mgonjwa. Walikwenda katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza, kutafuta nafuu. Anne alifariki huko tarehe 29 Oktoba. Siku nne baadaye, nyumbani kwake London, Romilly aliyekuwa amelemewa na huzuni alijiua. Alizikwa pamoja na mkewe huko Knill, Herefordshire.

Kazi aliichukua Sir James Mackintosh. Mwaka 1819 Bunge likaunda kamati, nayo ikawahoji wenye maduka na wenye benki, wakasema yale yale aliyoyasema Romilly. Sheria ya kunyonga kwa wizi wa shilingi tano wa dukani ilifutwa mwaka 1820. Adhabu ya kifo kwa wizi wa farasi, kondoo na mali ya nyumbani ikafuata mwaka 1832.