Rigaud: Mchoraji aliyeisambaza sura ya Mfalme Louis wa 14

Na Mwandishi Wetu

KABLA ya kuwapo kwa kamera, picha kubwa ya rangi ya mtawala ya kutundikwa ukutani haikuwa na njia ya kupatikana ila kuchorwa kwa mkono. Zilipohitajika picha kumi, ilibidi ichorwe mara kumi.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina na utajiri Hyacinthe Rigaud, mchoraji wa Ufaransa ambaye picha yake ya Mfalme Louis wa 14, iliyokamilika mwaka 1701, ni miongoni mwa picha za kifalme zinazojulikana zaidi duniani.

Rigaud alizaliwa Julai 18, 1659 katika mji wa Perpignan, katika familia ya Kikatalani. Siku hiyo mji huo ulikuwa bado ukihesabiwa kuwa wa Mfalme wa Hispania. Novemba mwaka huohuo ukatiwa saini mkataba uliomaliza vita baina ya Hispania na Ufaransa, na Perpignan ikawa rasmi ya Wafaransa. Hivyo mtoto huyo alibadilishiwa mfalme akiwa mchanga.

Baba yake alifariki dunia mwaka 1669, Hyacinthe akiwa hajavuka miaka kumi. Akiwa kijana alijifunza uchoraji Montpellier, kisha Lyon, na mwaka 1681 akawasili Paris. Mwaka uliofuata alishinda tuzo ya Akademia ya Kifalme ambayo ingempeleka Roma kwa masomo. Hakwenda. Charles Le Brun, aliyekuwa mchoraji mkuu wa Mfalme, alimshauri abaki Paris achore sura za watu.

Ushauri huo ulimfaa, kwani makabaila, maaskofu, majenerali na matajiri wa benki walifuatana mlangoni kwake.

Tukio linaloonesha tabia ya mtu huyu ni la mwaka 1696. Duke wa Saint-Simon, kijana wa miaka 21, alitamani mno kuwa na picha ya Abate de Rancé, aliyewahi kuwa mkuu wa monasteri ya La Trappe, mzee wa miaka 70 ambaye kwa unyenyekevu alikataa katakata kuchorwa. Duke akamchukua Rigaud hadi monasteri na kumtambulisha kama afisa wa jeshi mwenye kigugumizi kikali, ili asilazimike kuzungumza. Rigaud akaketi kimya, akamtazama mzee huyo, kisha akatoka na kuchora alichokihifadhi kichwani.

Picha ilitoka vizuri. Duke alikusudia jambo hilo libaki siri, lakini Rigaud alitoa nakala na kuziuza. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika Saint-Simon, mchoraji mwenyewe alikiri kuwa nakala hizo zilimwingizia zaidi ya livre 25,000. Duke alilazimika kumwandikia Abate kuomba radhi, naye akajibiwa kwamba Abate anampenda msaliti huyo ingawa anauchukia usaliti wake. Ni jibu la upole, pengine kuliko walivyostahili wote wawili, maana mzee wa watu alikwisha kusema hataki.

Mwaka 1700 Mfalme wa Hispania alifariki dunia bila mtoto, na kiti chake kikamwangukia Philippe, mjukuu wa Louis wa 14. Kijana huyo alitaka picha ya babu yake, na Rigaud ndiye aliyepewa kazi.

Louis alikuwa amevuka miaka 60. Katika picha hiyo, yenye urefu wa karibu meta 2.8, amesimama akiwa amevaa joho la kutawazwa lenye manyoya meupe kwa ndani, ubavuni ana upanga unaosemekana kuwa wa Karoli Mkuu, na viatu vyenye visigino vyekundu. Uso ni wa mzee aliyechoka kidogo, lakini miguu ni ya kijana mcheza dansi. Uso huo ulichorwa kwenye kipande kidogo cha turubai, kisha kikaunganishwa na turubai kubwa. Mfalme hakuwa na haja ya kusimama saa nyingi akisubiri joho likaushwe rangi.

Aliipenda mno, akaamua kubaki nayo, ikaagizwa nakala ya ukubwa uleule. Baada ya hapo maombi ya nakala hayakukatika, yakitoka kwa wakuu wa Ufaransa na wa nchi za nje. Leo picha ya kwanza imo katika makumbusho ya Louvre, Paris, na nakala kubwa imo Versailles.

Mtu mmoja asingeweza kazi yote hiyo. Karakana ya Rigaud ilikuwa na wasaidizi wengi, mmoja akichora mavazi, mwingine maua, mwingine mandhari ya vita nyuma ya jenerali. Mteja mwenye fedha kidogo aliweza kuchagua vazi na mkao uliokwisha kutumika kwa mtu mwingine, naye akapunguziwa bei. Hata Jean-Marc Nattier, aliyekuja kuwa mchoraji maarufu, aliinakili picha ya Mfalme kwa mchongaji Pierre Drevet, aliyeichapa kwa bamba la shaba.

Tunayajua haya kwa sababu Rigaud aliweka madaftari ya hesabu, yakionesha mteja ni nani, alilipa kiasi gani, kazi ilikuwa ya asili au nakala, na msaidizi gani alipewa ujira gani. Wasaidizi wenyewe hawakuweka majina yao kwenye turubai. Bila madaftari hayo, yaliyochapishwa mwaka 1919, wengi wao wasingejulikana kabisa.

Alipewa Nishani ya Mtakatifu Mikaeli mwaka 1727, na mwaka 1733 akawa mkurugenzi wa Akademia. Mkewe, Elisabeth de Gouy, waliyeoana mwaka 1710, alifariki dunia Machi 1743. Rigaud alimfuata Desemba 29 mwaka huohuo, akiwa na miaka 84. Hawakuacha mtoto.

Makumbusho ya sanaa ya Perpignan yana jina lake. Wataalamu bado wanayafungua madaftari yale kila inapoibuka picha inayodaiwa kuwa ya mkono wake.