Mark Donohue: Msee Aliyefunza Turbo Adabu

Kama unaishi Nairobi unaijua hiyo sauti. Ni saa sita usiku, uko zako kitandani, halafu Subaru moja inapita Thika Road ikilipua ekzosi pa-pa-pa kama fataki za Diwali. Dere ametoa sailensa, ameongeza presha ya turbo, na kwa akili yake ametuni ndai. Wiki mbili baadaye hiyo ndai iko Grogan, boneti juu, pistoni imetoboka, na fundi anamwambia polepole bei ya injini nyingine.

Leo nataka nikupe stori ya jamaa aliyekuwa na ugonjwa huo huo wa kuongezea gari nguvu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa pia na dawa yake. Anaitwa Mark Donohue, Mmarekani, na alifariki 1975, pengine kabla hata mathe na mzae wako wajuane. Kama umewahi kuskia turbo ikishika hadi mgongo unabandikwa kwa kiti, basi una kadeni kadogo kwa huyu buda.

Alianza na gari yake mwenyewe

Donohue alizaliwa 18 Machi 1937 huko New Jersey. Alisomea uinjinia wa mitambo pale Brown University na kumaliza 1959. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa na Chevrolet Corvette ya 1957, na siku moja akaipeleka New Hampshire kwa mashindano ya kupanda mlima, yale ya gari moja moja dhidi ya saa. Mara yake ya kwanza, akashinda. Hebu fikiria wewe uko kampasi, umeenda tu kujaribu, na unarudi na kikombe. Hapo ndipo alipopagawa.

Lakini usidhani alikuwa mtoto wa mamilioni. Kwa miaka kadhaa mbio zilikuwa za wikendi tu. Siku za kazi alikuwa injinia kama injinia wengine, Jumamosi anavaa helmeti. 1961 akachukua ubingwa wa Marekani wa madereva wa ridhaa akiendesha Elva Courier, kigari kidogo cha Kiingereza ambacho hakikuwa na nguvu za kutisha mtu. Alishinda kwa sababu alijua kila nati ya hiyo gari.

Dereva mmoja mkongwe, Walt Hansgen, alimuona na kumshika mkono. 1965 wakaendesha Ferrari pamoja kwa mbio za masaa 12 za Sebring. Mwaka uliofuata Hansgen akafariki baada ya ajali kwenye majaribio ya Le Mans. Donohue alipoteza mwalimu, na ni wakati huo huo wa majonzi ndipo Roger Penske, dereva wa zamani aliyekuwa anaanza timu yake, alimtafuta na kumpa kazi.

Na unajua alianzaje hiyo kazi? Vibaya. Kwa mbio za Watkins Glen aligonga Lola T70 ya bosi mpya na ikashika moto. Mdosi mwingine angemfuta kazi hapo hapo. Penske akatafuta gari nyingine.

Camaro iliyochovywa kwa tindikali

Hapa ndipo utaanza kumpenda. Kwa mbio za Trans-Am, ambazo zilikuwa za magari ya kawaida yaliyotengenezwa upya, timu ya Penske ilikuwa na Chevrolet Camaro. Donohue na mafundi wake walijua kitu ambacho wengi mtaani husahau: kuna njia mbili za kufanya gari iwe na kasi. Unaweza kuongeza nguvu, au unaweza kupunguza uzito. Ya pili hailipui injini.

Basi wakachukua bodi ya Camaro na kuichovya kwa tindikali mpaka mabati yakawa membamba. Gari ikawa nyepesi kuliko sheria ilivyotaka. 1968 pale Sebring walikuja na Camaro mbili za rangi moja, moja halali na nyingine ile nyepesi. Ile halali ikapita kwa wakaguzi mara mbili, kila mara na namba tofauti. Halafu ile nyepesi ikatumika kutafutia zote mbili muda mzuri wa kuanzia. Donohue mwenyewe aliyaweka haya yote baadaye kwenye kitabu chake.

Ndiyo, huo ulikuwa ukora. Siwezi kukudanganya. Lakini mwaka huo wa 1968 alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am, na hakuna tindikali inayoweza kukupa hizo zote. Mwaka wa 1969 Camaro ikachukua ubingwa tena. Kisha timu ikahamia AMC, kampuni ambayo watu waliichukulia mchezo, na 1971 Donohue akaipa ubingwa na Javelin.

Siri yake ilikuwa kazi ya kuchosha. Alikuwa anazungusha gari kwenye duara moja kubwa la lami, mzunguko baada ya mzunguko, akibadilisha springi, tairi na presha ya upepo, huku akipima na kuandika. Wengine walikuwa wanakisia, yeye alikuwa na namba.

Halafu turbo ikaingia

Acha kwanza tuelewane turbo ni nini, juu kuna wasee wanaiweka kwa gari na hawajui. Moshi unaotoka kwa injini huwa na nguvu ambayo kawaida inapotea hewani. Turbo inautumia huo moshi kuzungusha feni moja, na hiyo feni imeunganishwa na nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Lakini kuna shida: ukikanyaga, moshi lazima kwanza ujikusanye ndipo feni ishike kasi. Unakanyaga, hakuna kitu. Unakanyaga zaidi, bado hakuna. Halafu ghafla kila kitu kinakuja pamoja, na uko katikati ya kona.

Hiyo ndiyo shida Donohue aliyoikuta kwa Porsche. Mashindano ya Can-Am ya Marekani yalikuwa hayana mipaka ya ukubwa wa injini, na McLaren walikuwa wametawala tangu 1967 hadi 1971. Porsche walitaka kuwatoa kwa kiti, wakachukua gari yao ya 917 yenye silinda 12 na kuiwekea turbo mbili. Wakamwita Donohue kule Weissach, Ujerumani, aisaidie kukua.

Kwenye mashine ya kupimia nguvu, injini ilikuwa noma. Barabarani ilikuwa balaa. Ilifanya kazi vizuri juu kabisa ya mzunguko wake tu. Chini na katikati, ambapo dereva anaishi kila anapotoka kona, ilikohoa, ikazima, kisha ikaruka kama punda aliyepigwa teke. Donohue hakukubali ile namba kubwa ya kwenye karatasi. Aliwasukuma mainjinia washughulikie injini ikiwa inazunguka polepole na wapange upya namna inavyopewa mafuta. Yeye naye akajifunza kukanyaga mapema, kabla kona haijaisha, ili nguvu ifike wakati gari imenyooka.

Rudia hiyo sentensi ukiwa na ndai yako akilini. Nguvu ya juu ni ya kuringia mbogi pale base. Gari inaendeshwa na nguvu ya katikati.

Mwaka wa furaha na maumivu

1972 ulianza kama ndoto. Mwezi wa tano Donohue alishinda Indianapolis 500 kwa McLaren yenye injini ya Offenhauser, nayo pia ya turbo, kwa wastani wa maili 162.962 kwa saa, rekodi ya wakati huo. Hiyo ilikuwa ushindi wa kwanza wa Penske kwa mbio hizo.

Mwezi wa saba akawa Road Atlanta akijaribu ile Porsche. Akiwa kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa, bodi ya nyuma ikang'oka. Gari ikabingirika na kusambaratika, na goti lake likaharibika vibaya. Rafiki na mpinzani wake, George Follmer, akaitwa kukalia kiti chake, na Follmer akachukua ubingwa wa Can-Am wa mwaka huo kwa gari ambayo Donohue ndiye aliyeifunza kutembea.

Unaweza kufikiria hiyo ilikaaje rohoni. Uko na magongo, unatazama mtu mwingine akishinda na jasho lako. Alirudi kabla msimu uishe, akashinda mbio za Edmonton, kisha akarudi kazini kutengeneza kitu kikubwa zaidi.

Kitu hicho kiliitwa Porsche 917/30. Injini ya lita 5.4, turbo mbili, nguvu ya farasi 1,100 kwa mbio. Vitz ya lita moja ina kama farasi 70, kwa hivyo chukua kama Vitz 16 uzifinyange ziwe gari moja. Ndani kulikuwa na kitasa cha kuongeza presha ya turbo, na ukikizungusha hadi mwisho nguvu ilipita farasi 1,500. Lakini angalia: Donohue hakukizungusha hovyo. Alikifungua alipohitaji, kisha akarudisha chini injini ipumue.

Mbio mbili za kwanza za 1973 zilimpiga chenga. Sita zilizobaki alishinda zote. Ubingwa ukawa wake.

Bila shaka wasee wakasema ni gari tu, hata nyanya yako angeshinda na hiyo. Jibu lilikuja kwa mashindano mapya ya IROC, ambapo madereva 12 wakubwa walipewa Porsche za kufanana. Donohue akashinda mbio tatu kati ya nne, ya mwisho ikiwa Daytona mwezi wa pili 1974. Kisha akatangaza amestaafu. Alikuwa na miaka 36.

Hakuweza kukaa mbali

Lakini huo ugonjwa hauponi. Kabla 1974 iishe alikuwa amerudi, safari hii Formula 1, na timu ile ile ya Penske. Mambo yalikuwa magumu. Gari haikuwa na kasi, na yeye aliyezoea kutawala akawa anapigania nafasi ya tano.

Tarehe 9 Agosti 1975 akapata siku moja tamu. Alirudi kwa 917/30 yake pale Talladega, Alabama, kutafuta rekodi ya dunia ya uwanja wa mzunguko. Huko mguu hautoki kwa mafuta, kwa hivyo joto linajaa na injini ya turbo inajichoma. Dawa ikawa intakula, kifaa cha kupoza ile hewa kabla iingie kwa injini. Akazunguka kwa wastani wa zaidi ya maili 221 kwa saa, karibu kilomita 356, na kuvunja rekodi ya A. J. Foyt.

Siku nane baadaye alikuwa Austria. Asubuhi ya Jumapili, wakipasha magari moto kabla ya mbio, tairi ilikufa akiwa kwa kona ya kasi. Gari ikaruka uzio. Mmoja wa wasimamizi wa uwanja alikufa. Donohue alitolewa akiwa hai, anaongea, na ilionekana ameponea. Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Ubongo ulikuwa unavuja damu. Alifariki hospitalini Graz tarehe 19 Agosti 1975, akiwa na miaka 38.

Mwaka mmoja baadaye, kwenye uwanja huo huo, John Watson aliipa Penske ushindi wao wa kwanza na wa pekee wa Formula 1. Na 2009, miaka 40 baada ya Donohue kushinda masaa 24 ya Daytona, kijana wake David alishinda mbio hizo hizo, kwa gari yenye injini ya Porsche.

Wewe unachukua nini hapa?

Kabla uongeze presha, hakikisha mafuta, joto, breki na tairi vinaiweza. Pima, andika, ndipo ubadilishe. Kasi ipeleke uwanjani, si Thika Road ambapo kuna mama anavuka na mtoto mgongoni. Na ukiwahi kugonga kichwa, hata kama unajiskia fiti na unaongea poa, enda hosi. Usingoje kiume.

Donohue alijua karibu kila kitu kuhusu gari, na bado tairi moja ilimmaliza. Sasa wewe ambaye hata presha ya tairi zako hujaangalia tangu Krismasi, unaharakisha kwenda wapi?