Leonhard Euler: kipofu aliyepima namba kubwa

Leonhard Euler alizaliwa mwaka wa 1707 kule Basel, mu inchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa pasta na alitaka mutoto naye awe pasta, lakini kijana alipenda hesabu. Mu 1727, akiwa na miaka 20, alienda kufanya kazi mbali, kule Saint-Pétersbourg, mu Urusi. Akaoa, akazaa watoto 13; watano tu njo walikomaa.

Jicho la kuume lilimuharibikia mapema. Kisha miaka 25 ya kazi kule Berlin, alirudi Urusi mu 1766, na jicho la pili likashikwa na mutoto wa jicho. Mu 1771 munganga alilipasua. Aliona siku kidogo, kisha ugonjwa ukarudia na giza ikabaki. Mwaka uleule nyumba yake iliungua. Muswisi mwenzake, Peter Grimm, njo alimubeba na kumutosha inje ya moto.

Mutu akipoteza macho, wengi wanazani kazi yake imeisha. Ya Euler iliongezeka. Alikuwa anafanya hesabu mu kichwa, na mutoto wake Johann Albrecht pamoja na wanafunzi walikuwa wanaandika.

Mu miaka ile ikatangazwa kazi yake juu ya namba hii: 2 147 483 647. Ukamate 1, uizidishe mara mbili, tena mara mbili, mpaka mara 31, kisha utoshe 1: utaipata. Swali lilikuwa hili: ni namba tasa, ile watoto wetu wanajifunza kwa masomo kama nombre premier? Ni kusema, haigawanyike na namba ingine, ila na 1 na yenyewe tu.

Kwa kujua vile, ilibidi kujaribu namba tasa zote mpaka 46 340. Ziko zaidi ya 4 700. Lakini mwenye akili hachimbe kilima chote. Anatafuta kwanza madini inapita wapi. Euler alionyesha kama namba tasa yoyote yenye kuweza kuigawanya ile kubwa, ukiigawa na 248, lazima ibakishe 1 ao 63. Zingine zote zikaanguka bila kuguswa. Zikabaki chini ya 100. Zikajaribiwa, hata moja haikuweza. Basi namba ile ni tasa.

Tena, inazaa ingine. Namba 6 ni kamilifu, juu 1, 2 na 3 zenye kuigawanya zinajumlika 6. Ukizidisha namba ya Euler na 1 073 741 824, unapata namba kamilifu ya tarakimu 19.

Euler alikufa tarehe 18 Septemba 1783, na miaka 76. Siku ile pia alikuwa anahesabu. Namba yake haikupotea: leo mu programu nyingi za ordinatere, 2 147 483 647 njo mwisho wa kipimo cha aina moja ya namba zenye zinatumiwa sana.