MAISHA YA WATU WANAOJULIKANA: WILLY MESSERSCHMITT

Wanafunzi wenzangu, jina la Messerschmitt tunalikuta katika masomo ya historia, kwenye vita ya pili ya dunia. Lakini mtu huyu alitengeneza pia ndege ya kufundishia. Tusikie maisha yake.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1898 Frankfurt, Ujerumani. Baba yake alikuwa muuza divai. Akiwa kijana wa shule kule Bamberg, alimsaidia Friedrich Harth kutengeneza ndege zisizo na motere. Wakati Harth aliitwa vitani, kijana aliendelea na kazi yeye mwenyewe. Alimaliza masomo ya uenjinia Munich mwaka 1923, na mwaka huohuo akafungua karakana yake.

Akili alikuwa nayo kweli. Ndege yake ya vita Bf 109 iliruka mwaka 1935, na zilitengenezwa zaidi ya 30000. Kisha ikaja Me 262, ndege ya jeti ya kwanza kuingia vitani, mwaka 1944. Jeti haina panga za kuzunguka mbele: motere inavuta hewa, inaichoma pamoja na mafuta, na hewa ya moto inatoka nyuma kwa nguvu na kuisukuma ndege.

Lakini kazi hiyo ilifanyiwa serikali ya Hitler. Katika viwanda walitumikishwa wafungwa wa kambi, bila mshahara, na njaa na mapigo. Wengi walikufa. Vita ilipoisha, Messerschmitt alifungwa miaka miwili. Mwaka 1948 baraza lilimhukumu kuwa mfuasi wa Wanazi, aliyetumia kazi ya watumwa.

Ujerumani ilikatazwa kutengeneza ndege mpaka 1955. Basi yule fundi mkubwa akageukia nyumba za vipande na mashini za kushona! Kisha akaenda Hispania, kwenye kiwanda cha Hispano Aviación, Sevilla.

Kule walikuwa na shida moja: piloti aliyezoea ndege ya panga hawezi kurukia mara moja katika jeti ya mbio. Anahitaji ngazi katikati. Kwanza Messerschmitt alitengeneza Triana, ndege ya panga, iliyoruka mwaka 1954. Halafu mabawa na mkia wa Triana vikasaidia kutengeneza ya pili: Saeta, maana yake mshale. Ilikuwa na motere mbili ndogo za Ufaransa, na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ili mwalimu na mwanafunzi waruke pamoja. Iliruka tarehe 12 Agosti 1955, jeti ya kwanza kutengenezwa Hispania. Misri nayo iliitengeneza kwa ruhusa, ikaiita Al-Kahira.

Lakini tusijidanganye. Saeta iliwekwa pia silaha, na piloti aliyefundishwa ndani yake alikuwa askari. Ngazi inapandisha, haiulizi unakwenda wapi.

Messerschmitt alikufa Munich tarehe 15 Septemba 1978, mwenye miaka 80.

Sisi tunaosoma hesabu na fizika, tunaomba Mungu atupe akili. Ni vizuri. Lakini huyu alipewa akili nyingi kuliko wengi, na watu wengine wakalipa bei yake. Tuombe pia moyo wa kuuliza: kazi ya mikono yangu inamtumikia nani, na nani analia chini yake?