William Jones na Watoro wa Rabai

Ukipanda matatu hapa Kisumu kwenda Mumias, utafika kabla asubuhi haijaisha. Mji huo huo, mwezi wa Novemba 1885, ulikuwa na kambi ya wapagazi zaidi ya mia moja waliokuwa wakingoja habari kutoka Busoga. Tuliosoma CRE tunakumbuka ni kwa nini: Askofu James Hannington alikuwa amewaacha pale, akachukua watu hamsini, akaelekea ziwa letu hili ili aingie Uganda kwa mlango wa mashariki. Tarehe 29 Oktoba aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Habari za Hannington tumezihubiri sana. Leo nataka niwaambie habari za yule aliyeachwa kusimamia kambi, William Jones.

Huyu Jones hakuwa Mzungu, jina lisikudanganye. Alikuwa Myao kutoka kusini, kwenye nchi za Ziwa Nyasa. Akiwa mtoto alikamatwa na kuuzwa utumwani, akaokolewa na meli ya wanamaji wa Uingereza, akapelekwa Bara Hindi. Kule Nasik karibu na Bombay wamisionari walikuwa na shule ya watoto waliookolewa hivyo. Walifundishwa Biblia pamoja na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Mwaka wa 1864 Jones alirudishwa Afrika, akafikia Rabai, nyuma ya Mombasa, kumsaidia mzee Rebmann. Sasa piga hesabu: alifanywa shemasi na Hannington mwezi wa Mei 1885. Miaka ishirini na moja ya kazi kabla ya kuwekewa mikono! Siku hizi sisi mtu akikaa miaka miwili bila cheo anahama kanisa.

Miezi miwili baadaye msafara ukaondoka Rabai. Ulipita nchi ya Wamaasai, ukafika Mumias mwezi wa Oktoba. Habari za kifo zilipomfikia, Jones alingoja bado, labda yuko mwingine aliyepona. Wachache sana ndio waliorudi. Ndipo akawageuza watu wake, akawarudisha njia ile ile ndefu, na njaa, na hofu. Walifika Rabai mwanzoni mwa Februari 1886. Mbele ya msafara kulikuwa na bendera ya buluu iliyoshonewa neno moja kwa herufi nyeupe, Ikabodi. Mnalijua hilo kutoka 1 Samweli 4, yule mtoto aliyezaliwa siku sanduku la Bwana lilipotekwa. Watu wa Rabai walisoma bendera kabla hawajasikia neno lolote.

Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni ile aliyoifanya pale Rabai penyewe, na hiyo haina bendera.

Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Haukukataza kuwamiliki. Kwa hiyo katika miaka ya 1880 mwenye shamba Mombasa au Malindi alikuwa na haki ya kisheria juu ya watu wake, na mtu akitoroka, aliyemficha alikuwa mwenye kosa. Ile Freretown ya misheni, iliyoanzishwa 1875, ilikuwa ya mateka waliokombolewa na manowari. Watoro hawakuwa kwenye mpango. Maagizo yalikuwa wazi, wasipokelewe. Na wakubwa wa misheni hawakuwa watu wabaya, jameni. Waliogopa mabwana wasije wakashuka na bunduki kuchoma kijiji, na tishio hilo lilikuwa la kweli.

Jones akawapokea. Walikuja usiku, mmoja mmoja, na familia nzima. Walijenga, wakalima mihogo na mahindi, wakakaa kanisani. Ukimwuliza mtu kwa Biblia, angeweza kukuletea Filemoni, kwamba Paulo alimrudisha Onesimo. Sawa. Lakini Kumbukumbu la Torati 23:15 inasema asirudishwe kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia, na inayofuata inasema akae mahali anapopenda mwenyewe. Jones alikuwa ameshakuwa mali ya mtu. Nafikiri alisoma mstari huo kwa macho tofauti na yangu.

Jambo kama hili ndilo lililosaidia kuipasua Marekani. Sheria yao ya 1850 ililazimisha hata majimbo yasiyo na utumwa kuwarudisha watoro, watu wa kanisa wakakataa, na kutoka 1861 hadi 1865 wakapigana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakafa askari zaidi ya laki sita. Pwani yetu iliponea chupuchupu. Mwaka wa 1888, George Mackenzie wa kampuni mpya ya Kiingereza, IBEAC, alikuta mabwana wamefura hasira na karibu watoro mia tisa wamejaa Rabai. Mimi nilisoma biashara, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye hesabu. Mapatano yalikuwa dola 25 za fedha kwa kila kichwa. Walichanga kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watu 1,400 wa Rabai na misheni nyingine za karibu walipewa hati za uhuru.

Pesa zote zilikwenda kwa mabwana. Aliyelima miaka kumi bure hakupata senti. Hata Washington mwaka wa 1862 ilikuwa vivyo hivyo, hadi dola 300 kwa mtumwa mmoja, akilipwa mwenye mtumwa. Hesabu hiyo inaniudhi mpaka leo. Lakini hakuna nyumba iliyochomwa Rabai, na ningekuwa mweka hazina siku ile ningetia sahihi. Utumwa wenyewe ulingoja mpaka 1907 kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya.

Baadaye Jones aligombana na wamisionari kuhusu namna walivyowachukulia watumishi Waafrika. Hilo halinishangazi.

Naandika haya kwa sababu mnajua kuna binti wa miaka kumi na tisa amekaa kwa mama mmoja wa ushirika wetu tangu wiki juzi. Alitoroka nyumba alimofanya kazi miezi mitano bila mshahara. Mwajiri anasema alimlipa wakala pesa za kumleta mjini, kwa hiyo arudishwe binti au zirudishwe pesa. Mzee mmoja anasema tusiingilie mambo ya nyumba za watu. Shemasi mmoja anasema tuchange tumlipe mwajiri, yaishe. Mimi nasema yakilipwa yoyote, yaanze na ile miezi mitano ya binti, na hiyo ni kazi ya ofisi ya leba. Wazee wanakaa Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Mwenye neno aje nalo.